Chembe Tatu za Ubani

Nikomedia, tarehe tisa Septemba, mwaka wa kumi na tano wa Kaisari

Dada Ammia, shikamoo.

Ijulikane kwa watu wote, wa mjini na wa mashambani, waungwana na watumwa, ya kwamba jana, wakati maduka yanafunguliwa, bata bukini wa mke wangu Lalla alikula taji la mungu Zeu. Sisemi alilidonoa. Alilila. Lilikuwa taji la majani ya mwaloni, limeagizwa na hekalu, nimelisuka kwa mikono yangu na kulilaza kwenye beseni la maji lisinyauke. Baraza la nyumba lilikaa papo hapo. Lalla akasimama upande wa mshtakiwa: "Zeu mwenyewe kanyamaza, wewe msuka majani unapiga kelele za nini?" Mshtakiwa alipotakiwa kujitetea alitoa sauti moja tu, tena kwa nyuma, kisha akaachiwa huru.

Sisi wazima. Lalla goti linamsumbua kukiwa na ukungu, na anakusalimu wifi yake. Wewe je? Kikohozi kimekuacha? Tangu shemeji Nikano afariki najua unalala peke yako chumba cha juu, na baridi ya bahari ya kwenu haina adabu.

Ningeendelea na bata mpaka mwisho wa ukurasa, dada, lakini kuna jambo.

Liwali mpya amepiga marufuku vyama vyote vya jimbo zima. Hata chama chetu cha kuzikana, sisi wasuka mataji, kimevunjwa. Mji wetu ulipoungua watu waliomba kikosi cha kuzima moto. Wakakataliwa: watu wakizoea kukusanyika kuzima, siku moja watakusanyika kuwasha. Kwa hiyo tumeruhusiwa kuungua, ila kila mtu kivyake.

Sasa fikiri. Ikiwa wanaogopwa watu wenye ndoo, itakuwaje kwa watu wanaokutana alfajiri, milango imefungwa, kumwimbia mtu aliyesulubiwa na liwali mwenzake? Nahodha wa meli ya mbao ananiambia huko kwenu wameanza kukamatwa. Jina lao silijui na silitaji, maana wino nao hutoa ushahidi. Nina dada mmoja tu. Liwali yuko njiani kuja kwenu. Lala mpaka jua litoke, kama watu wengine.

Mdogo wako,
Mokazi


Amastri, tarehe nne Oktoba

Marahaba, mdogo wangu. Mpe pole Zeu, na bata umpe hongera.

Kikohozi kimepungua. Zabibu mwaka huu chache ila tamu. Zosime, yule mtumwa wa kike wa mwenye hamamu aliyekupikia dengu ulipokuja kumzika Nikano, hayupo kisimani siku hizi. Mtaro bado unapita mbele ya mlango wangu, katikati ya barabara nzuri kuliko zote za pwani hii ya Ponto, ukibeba kila kitu ambacho mji hautaki kukikiri. Liwali alipofika alipita hapa na kitambaa puani. Akasimama kando yake, akautazama, akasema atamwandikia Kaisari aombe ufunikwe. Watu wakapiga makofi. Huyu, wanasema, hapigi chafya bila kuandika Roma kwanza.

Farnake, jirani yangu anayeuza majani na shayiri ya kulisha ng'ombe wa sadaka, alinishika juzi pale kisimani, mbele ya watu.

"Mama Ammia, huyo Mungu wenu hali nyama?"

"Hali."

"Divai je?"

"Hanywi."

"Sanamu hana?"

"Hana."

"Basi huyo si mungu, huyo ni mgonjwa!"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Akasogea, akasema kwa sauti ya chini: "Hekaluni hawachinji tena kama zamani. Majani yangu yanaoza. Lakini si hilo, mama. Miungu ikikasirika haitauliza nani alitoa sadaka na nani alijifanya mjanja. Tetemeko halichagui paa. Mimi nina wajukuu wanne chini ya paa langu." Nilimtazama nikaona anaogopa kweli. Mtu mwenye hila unaweza kumkwepa, Mokazi. Mtu mwenye hofu atakufuata mpaka ndani.

Unataka kujua tunafanya nini alfajiri. Tunaimba. Tunaapa: tusiibe, tusizini, tusivunje ahadi, tusikane amana tuliyowekewa. Zamani jioni tulikuwa tukila pamoja. Tangu tangazo la liwali tumeacha hata hilo. Wanasema tunakula watoto. Wewe unanijua: hata samaki akitikisa mkia siwezi kumkata.

Nasuka sufu, nalala mapema. Usihangaike.

Dada yako,
Ammia


Nikomedia, tarehe ishirini na saba Oktoba

Shikamoo, dada.

Hii inakuja na meli ya mwisho kabla bahari haijafungwa kwa majira ya baridi. Lalla mzima. Bata mzima, na amenona kuliko ilivyo halali.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara macho yanagoma mahali pamoja. Umeandika kwamba Zosime hayupo kisimani. Umeliweka neno hilo katikati ya zabibu na mtaro, kama mama alivyokuwa akituchanganyia dawa chungu kwenye uji. Mimi nilijifunza kusoma kwenye mawe ya makaburi, nikipeleka mataji. Huko mtu hachongi maneno mengi, kwa hiyo nilizoea kusoma yaliyoachwa. Zosime yuko wapi?

Sikiliza, nikuambie ninayoyajua. Liwali huweka sanamu ya Kaisari na za miungu, jiko la makaa, bakuli la divai. Mshtakiwa anatia ubani kidogo, anamwaga divai, anamlaani Kristo, anakwenda nyumbani kula. Hivyo tu. Kaisari hataki umpende, nani anampenda? Anataka kuona moshi. Moshi ukionekana, anajua wewe ni wake, analala. Mimi nimeisukia miungu yote mataji tangu ndevu zangu hazijaota, na sijaona hata mmoja aliyegeuza shingo kuangalia limemkaa vipi. Hawaangalii, dada! Wanaoangalia ni majirani.

Na usisahau: mbele ya hakimu mwanamke wa kwetu hana sauti bila msimamizi. Nikano hayupo, msimamizi wako ni mimi. Nimekusimamia mara moja tu, ulipouza ile mizeituni, nami nikasinzia nimesimama. Safari hii sitasinzia. Usiende popote bila mimi.

Ninaandika haya huku Lalla ananiuliza kwa nini nimefunga mlango mchana.

Mokazi


Amastri, tarehe nane Desemba

Marahaba, Mokazi.

Anayekuletea hii ni mwendesha nyumbu anayepitia Klaudiopoli. Usimwulize kitu. Hajui, na heri yake. Kikohozi kimerudi kidogo. Msalimu wifi yangu.

Uliniuliza kuhusu Zosime, nami nilikupa zabibu. Askari walimchukua Septemba. Kwetu sisi yeye ndiye anayehudumu, anayegawa mkate, anayewaosha wagonjwa. Kwao ni mtumwa, na mtumwa haulizwi bila kipigo. Walitaka kusikia habari za watoto waliochinjwa. Akawaambia nyimbo. Wakampiga tena. Akawaambia mkate. "Mkate gani?" "Wa ngano." Akida akasema, "Ni hayo tu?" kama mtu aliyefunua chungu harufu imemjaza mate, akakuta maji. Mkono wake wa kushoto haunyanyuki tena. Yupo gerezani, hawajui wamfanye nini.

Na sasa Farnake amelipeleka jina langu. Amekuja mwenyewe kuniambia, hakujificha. "Nimekutaja, mama. Ukitia ubani yataisha, nami nitakuletea kuni za bure mpaka masika." Analia huku anasema. Nimwambie nini?

Nitaitwa Januari, baada ya sala za mwaka mpya za kumwombea Kaisari. Liwali huuliza mara tatu: wewe ni Mkristo? Nikisema ndiyo mara tatu, wananichukua, na huko ninakochukuliwa unakujua. Naogopa. Usidhani watu wa namna yangu wameumbwa bila hofu. Usiku nasema ile ndiyo peke yangu, kwa mazoezi, na hata chumba kitupu kinanitisha.

Lakini siwezi kutia ubani. Umesema hawaangalii. Wangu anaangalia.

Nakuita uje kwa kuwa sheria inataka msimamizi awepo, la sivyo hawatanisikiliza. Simama tu. Usiseme neno. Niapie kwa kaburi la mama, na kiapo hicho umpe huyu mwendesha nyumbu akiwa na masikio wazi, aniletee kabla hujafika.

Dada yako


Nikomedia, tarehe kumi na mbili Februari

Shikamoo, dada.

Nimefika salama. Theluji ilitukwamisha, nyumbu wawili wakalala wasiamke. Lalla hajambo, goti tu. Bata ametaga yai, analilinda kama hazina ya mfalme. Nimepata kazi ya mataji ya arusi mbili. Hewa ya hapa ni kavu. Mvinyo wa mwaka jana umechachuka. Mjomba wa Lalla ameoa tena, na huyu naye ana sauti.

Sijui kama barua hii utaifungua. Ulinipa kisogo tangu mlango wa baraza la liwali mpaka nilipopanda nyumbu, na mimi kisogo chako sijawahi kukiona kirefu namna ile.

Niliapa. Najua niliapa nini, na kwa kaburi la nani.

Lakini wewe ulikuwa umefumba macho ukiomba. Mimi nilikuwa nimeyafumbua. Wale wawili waliokuwa mbele yetu, mzee mwenye kofia ya sufu na yule mfua chuma, niliona walipelekwa mlango gani. Niliona mzee alivyosahau kofia yake kwenye benchi, akageuka kuifuata, na askari akamwambia, bila ubaya wowote, "Acha tu, baba, huihitaji." Bila ubaya, dada! Kama mtu anayemwambia mgeni asivue viatu.

Hapo miguu yangu ikatembea. Sikuituma.

Upo hai. Unakohoa, unasuka sufu, unanichukia. Nimeridhika na yote matatu. Ila mkono wangu wa kulia bado unanuka ubani. Nimeuosha kwa siki, Lalla anasema haunuki kitu.

Mokazi


Amastri, tarehe kumi na saba Machi

Mokazi.

Barua yako imefika na meli ya kwanza. Mpe Lalla pole ya goti.

Hukuandika ulilofanya, basi niandike mimi, lisije likasahaulika kwa sababu wote wawili tuna adabu. Liwali aliniuliza, "Mwanamke, wewe ni Mkristo?" Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Wewe ukapita mbele yangu ukasema, "Mimi msimamizi wake, nasema kwa niaba yake." Ukachukua ubani, chembe tatu, nilizihesabu zikidondoka. Ukamwaga divai, nusu kwenye bakuli, nusu kwenye viatu vyako. Wakakuambia umlaani Kristo, ukasema kitu. Sikukisikia, kwa maana nilikuwa napiga kelele, "Si mimi! Si mimi niliyesema!" Na karani, hata macho hakuinua: "Mama, ndugu yako amekwisha kukusemea. Anayefuata!"

Sasa mji mzima unanipenda. Farnake ameleta kuni kweli, na kipande cha nyama ya sadaka juu yake. Kisimani wananipisha. Alfajiri, wenzangu walinifungulia mlango, wakaniombea, lakini busu la amani lilipozunguka likaniruka, kama maji yanavyoruka jiwe. Sikuwalaumu. Nusu yao ndugu zao wamekufa kwa neno ambalo wangu alinizuia kulisema.

Nilimpelekea Zosime mkate gerezani. "Umetokaje?" akaniuliza. Nikasema, "Sikutoka. Nimetolewa." Akacheka mpaka akashika mbavu, maana bado zinauma. "Basi rudi na huyo ndugu yako," akasema, "akurudishe alikokutoa."

Nikaenda. Peke yangu, nimevaa ile shali ya arusi. Nilimkuta yule yule karani. Nikasema, "Mimi Ammia ni Mkristo. Andika." Akaniuliza, "Msimamizi wako yuko wapi?" Nikasema sina. "Bila msimamizi sikuandiki, mama. Mwanamke hakiri peke yake." Nikamwambia mbona Zosime alikiri. "Yule mtumwa. Wewe muungwana, una haki zako." Kisha akaniambia kwamba liwali amesimamisha kesi zote za watu wetu. Wamekuwa wengi, wazee kwa watoto, mjini na vijijini, hata yeye ameanza kuhofu. Amemwandikia Kaisari aulize afanyeje. Hakuna atakayeuawa wala kuachiwa mpaka jibu litoke Roma. "Likija," akasema, "njoo na ndugu yako."

Kwa hiyo inanibidi nikuombe mara ya pili, wewe. Jibu likifika, uje. Usimame. Na safari hii uwe bubu.

Ammia


Nikomedia, tarehe kumi na moja Aprili

Dada Ammia, shikamoo. Hukuitikia ile shikamoo ya kwanza. Naituma tena, usije ukasema ilipotea njiani.

Lalla ameniambia nisiandike barua hii. Anasema mwanamume anayesimama kimya kando ya mwanamke wa namna yako, kesho yake ataulizwa mwenyewe. Ana haki. Tayari wanauliza. Mkuu wa wauza maua alinishika bega sokoni: "Mokazi, nasikia ulikwenda Ponto kumtilia Kaisari ubani wa dada yako. Je, wewe wako ulitia lini?" Akacheka. Nikacheka. Tangu hapo nimetia ubani hekaluni kila siku ya sikukuu, kwa sauti, kama mtu anayeimba gizani.

Mlango ukigongwa namtazama bata kwanza. Akitulia, ni mteja. Akinyoosha shingo, naangalia dirisha la nyuma. Jana alinyoosha, alikuwa mkusanya kodi, nikamkumbatia.

Uliandika kwamba hukusikia nilichosema waliponiambia nilaani. Nami sitakuandikia. Nitakuambia hivi tu: zile chembe, moja niliitia kwa makusudi. Mbili zilidondoka kwa kutetemeka.

Nimefikiri sana, mimi nisiye na shule. Farnake anaogopa miungu. Karani anamwogopa liwali. Liwali anaogopa watu wakikaa pamoja kula mkate, anamwandikia Kaisari. Na Kaisari lazima naye yuko mtu anayemwogopa, la sivyo ubani wote huu wa nini? Wewe nawe unaogopa, ila unaogopa ukielekea mbele. Nadhani hilo ndilo wasiloweza kukusamehe. Na mimi pia sijakusamehe.

Nitakuja. Meli ikileta habari kwamba jibu limefika, nitapanda inayofuata. Nitasimama, nitanyamaza. Sijawahi kunyamaza tangu nizaliwe, wewe ni shahidi, lakini nimeanza mazoezi. Leo nimenyamaza tangu asubuhi mpaka Lalla akanigusa kipaji cha uso kuona kama nina homa.

Nimekusukia taji la majani yenye kunukia na waridi. Najua watu wenu hawavai. Nimelisuka tu mikono ipate kazi.

Mdogo wako,
Mokazi


Amastri, tarehe ishirini na tatu Mei

Marahaba, mdogo wangu.

Marahaba ya ile ya kwanza, na ya hii.

Kikohozi kimekwisha. Waridi za ukutani zimechanua. Taji limefika limekauka. Nimelitundika juu ya mlango, Zosime haambiwi.

Utasikia huko kwamba jibu la Kaisari limefika, utapanda meli. Ngoja kwanza, nikusimulie.

Lilifika juzi. Tuliona tarishi wa Kaisari akishuka bandarini na mfuko wenye muhuri, na kabla hajafika kwenye ngazi za baraza mji wote ulikuwa umejua. Maduka yalifungwa. Farnake alikusanya wajukuu wake akawaingiza ndani, kisha akatoka tena akaja kusimama karibu nami, sijui kunilinda au kunichunga. Nadhani hata yeye hajui. Wenzangu wa alfajiri walikuja mmoja mmoja, wakasimama mbalimbali kama watu wasiojuana. Nilikuwa nimeoga. Nilikuwa nimevaa ile shali. Nilikuwa nimempelekea Zosime mkate, nikamwambia, "Leo." Akasema, "Leo," akanishika kwa ule mkono mzima. Nilijiegemeza kwa mke wa marehemu mfua chuma. Hatukutazamana, lakini aliniachia bega lake.

Liwali akatoka. Alikuwa amekonda. Mpiga mbiu akauvunja muhuri mbele ya watu, akakohoa, na palikuwa kimya hata nikasikia maji ya mtaro.

Akasoma. Kaisari anamsalimu liwali. Kaisari amelipima jambo aliloulizwa, linalohusu mji wa Amastri na afya ya watu wake. Hapo mke wa mfua chuma alinibana mkono mpaka leo una alama. Kaisari anaona ni jambo la haki, tena lisilofaa kucheleweshwa.

Mpiga mbiu akageuza ukurasa.

Mtaro ufunikwe, ilimradi mji ujilipie wenyewe.

Ammia